Mkono Wangu na Mateke ya Mabaka

Kiseke, Mwanza
3 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Wilhelmina,

Shikamoo yako naisikia kabla hujaitamka. Marahaba sana. Hujambo huko Songea? Baridi imekuachia? Magoti yale yanaendeleaje, na shemeji bado anakohoa? Sisi huku tu wazima. Mwanangu Paulo anaenda kazini, mkewe Hellen hajambo, wajukuu wanakula kama nzige. Mimi nina nguvu zangu. Juzi nilikwenda kusalimia kwetu, tukavuka Busisi juu ya daraja. Vijana kwenye basi walisinzia, mimi nilitazama maji chini mpaka ng'ambo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu husikii, unaitikia "ehee" hata nikikuuliza swali. Paulo alitaka kuniandikia. Nikamwambia darasa la tatu la zamani linatosha chuo chenu cha leo, nipe kalamu.

Sasa habari ya Mabaka.

Mwezi wa tano nilikuomba ruhusa ya kumuuza. Nilikuomba kwa kuwa ng'ombe huyu si wangu peke yangu. Ng'ombe wa mahari yako ndio walionioza marehemu Odeta, na Mabaka ni wa mwisho katika uzao wa wale waliobaki zizini. Ulinijibu, "Fanya unavyoona, kaka." Lakini sauti yako ilishuka. Hata simu mbovu inapitisha hilo.

Unakumbuka alivyozaa. Miguu ya ndama ilitangulia, kichwa kikakwama. Paulo akasema tumngoje daktari wa mifugo. Mimi nikafunga kamba nikavuta peke yangu, ndama akatoka hai. Nionyeshe mzee mwingine wa kufanya hivyo Ilemela nzima! Ila mkono wa kulia ulivutika vibaya, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko, ukawaka kama umepigwa chuma cha moto.

Nikakamua hivyohivyo. Unanijua.

Basi mateke yakaanza. Mabaka aliyekuwa akisimama kama mlango, sasa ndoo inaruka, maziwa yanamwagika, goti langu linavimba. Hata ndama akitangulia kunyonya, mimi nikisogea tu Mabaka anabana maziwa. Baada ya wiki kadhaa maumivu yakaniisha, mateke hayakuisha. Nikasema uzazi umemharibu, au kuna jicho la mtu. Nikamwita mchinjaji mmoja wa Igoma. Akamzunguka, akampapasa mgongo, akasema atamfuata Jumamosi.

Ijumaa nilichelewa msibani kwa jirani Yakobo. Nimerudi, nakuta Hellen amekwisha kamua. Ndoo ina povu juu, Mabaka anacheua. Nikafoka, "Umempa nini ng'ombe wangu?"

"Pumba, baba. Zilezile za kila siku."

"Mbona hajakupiga?"

Akanisogezea kigoda. "Baba, usinikasirikie. Imebaki chuchu moja. Hebu kamua, nitazame."

Nikakamua. Akasema bega langu linapanda mpaka karibu na sikio, vidole havibani, navuta kwa mkono mzima kama bado nimeshika kamba ya ndama. Nikafungua mdomo kumkanusha, Mabaka akarusha teke palepale. Walikuwa wamepatana hao wawili.

Nilikataa katakata. Mkono hauumi, utakoseaje? Lakini Jumamosi nilimwambia mchinjaji arudi alikotoka, na Jumatatu nikaenda hospitali. Hakuna aliyenituma. Ni akili yangu mwenyewe.

Huko nikakabidhiwa kwa binti anaitwa Bushra, ambaye kazi yake ni kufundisha viungo mazoezi. Nikamweleza habari ya ng'ombe nikidhani atacheka. Hakucheka. Alijaza maji kwenye glovu ya mpira, akatoboa kidole kimoja, akaining'iniza. "Kamua, babu, kama uko nyumbani." Maji yakaruka kila upande isipokuwa kwenye beseni.

Akanieleza, nami nikaelewa mara moja. Msuli ukiuma, mishipa ya fahamu inapeleka habari kwenye uti wa mgongo na ubongo. Huko kazi inapangwa upya bila kukuuliza. Sehemu inayouma inapunguziwa mzigo, nyingine inaongezewa, bega linakazwa kulinda mwenzake. Kazi inafanyika, lakini kwa njia nyingine, na mwenyewe unaweza usijue. Tena maumivu yakiondoka, mara nyingine mpango ule wa siku za kuumia unabaki.

"Mkono umepona, babu," akasema. "Amri ndizo bado za mgonjwa."

Nikamwambia mimi sijaamriwa na mtu tangu nizaliwe.

"Sasa huyo anayekuvutisha glovu yangu hivi ni nani?"

Nikamwambia glovu yake ndiyo mbovu.

Ila njiani kurudi nilifikiri, Wilhelmina. Maumivu yaliniacha mimi, yakahamia kwenye chuchu za Mabaka, na mimi nikataka achinjwe kwa sababu analia.

Sasa nafanya mazoezi. Polepole, bega chini, vidole vinabana kimoja baada ya kingine kuanzia juu. Bushra amesema kazi yoyote ndogo ya vidole inasaidia, mradi nisilazimishe, ndiyo maana hii barua ni ndefu. Tazama herufi za ukurasa wa kwanza zilivyokakamaa, halafu tazama hizi za hapa. Zimeshusha mabega.

Hellen anakamua chuchu tatu, ya nne ananiachia. Yeye anadhani ananisaidia. Mimi ndiye ninayemsimamia.

Kwa hiyo lile neno la kuuza nimelifuta, na ile "fanya unavyoona" yako nakurudishia. Ndama ni jike. Ni wako, nitakutunzia. Nitumie jina lake, ila lisiwe la kizungu.

Nisalimie shemeji, na Selina na watoto wake, na Mama Rose wa jirani yako kama bado anakumbuka nilivyomshinda kucheza bao. Hellen na Paulo wanakusalimu sana. Mungu akutunze wewe na magoti yako, akupe usingizi mtamu na majirani wema.

Nafunga, maana ni saa ya kukamua. Jana niliposogea, Mabaka aligeuza kichwa akanitazama, akainua mguu. Sikumfokea. Nilishusha bega, nikangoja. Akaurudisha chini.

Ni mimi kaka yako nikupendaye, kwa mkono wangu wa kulia,

Mhoja