Nilivyokizulia Chumba cha Chini

Jumatano, 6 Agosti

Mashuka ya chumba cha pili yamekauka nusu. Kipupwe, jua halina nguvu. Nimeyapiga pasi hivyo hivyo. Mbaazi ziliungua kidogo chini, Shangazi Zuwena akaziokoa kwa tui la nazi nyingine. Wale wageni wawili Wafaransa hawakutambua. Vitumbua wamemaliza sahani nzima.

Baada ya chai nikawateremsha chumba cha chini, kama kawaida. Kipo chini ya ngazi. Dari fupi, ukuta mnene, tundu moja la kuingizia mwanga. Nikasema maneno yangu kwa Kiingereza: hapa ndipo walipofungiwa watumwa wakisubiri kuuzwa, na pete hii ya chuma ukutani ndiyo iliyopitishwa mnyororo. Mwanamke akaishika ile pete kwa vidole viwili, akafumba macho. Mimi nikasimama pembeni na uso wa msiba. Nshauzoea uso huo.

Uongo mtupu. Chumba kile alikichimba babu yangu mzaa baba, aweke papa wakavu na samaki wa ng'onda wa biashara yake. Ile pete alitundikia mizani.

Ilianza kwa mgeni mmoja aliyeuliza kama hapa palikuwa na watumwa. Nilikuwa nimechoka, nikasema ndiyo. Akaandika mtandaoni kwamba nyumba yetu ina chumba kinacholiza. Wakaja wengine. Vyumba vinne tu, na kila Ijumaa vimejaa. Watu wanakuja kulala siku mbili. Wanakwenda Kizimbani kunusa viungo, wanakwenda Jozani kutazama kima punju, na katikati ya hayo wanalia kidogo kwangu.

Shangazi hajui Kiingereza. Anadhani nawaonyesha ukuta wa mawe.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu kutoka Dar es Salaam. Mwanamke, sauti ya adabu, jina lake Kalunde. Anataka vyumba viwili kwa sikukuu ya Nane Nane, yeye na baba yake. Nikaanza kumweleza habari za chai ya asubuhi juu ya paa, upepo, bahari inavyoonekana. Akanikatiza taratibu.

"Dada, baba hakuwahi kufika Unguja. Nilimsomea habari za kile chumba chenu. Tangu siku hiyo halali vizuri. Anataka kukiona kwa macho yake."

Hapo ndipo pa kusema. Nafasi ilikuwa wazi kama mlango. Nikasema, "Karibuni sana."

Nimejiambia kwamba watumwa walikuwapo mji huu, hilo si uongo. Kama si chini ya ngazi zangu, basi chini ya ngazi za mtu mwingine. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Leo haikutosha.

Ijumaa, 8 Agosti

Wamefika na boti ya mchana. Mzee Maganga, mtu wa Tabora, fundi wa reli mstaafu. Mrefu, suti ya zamani iliyopigwa pasi vizuri. Nikamwamkia, akaitika marahaba, na kabla hajakaa akauliza kipo wapi.

Nikamwambia apumzike kwanza. Akasema amepumzika vya kutosha, miaka yote.

Sikuwahi kuyasema yale maneno kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza huwa kama ya mtu mwingine, nimeyaazima. Leo yalinitoka kinywani mwangu mwenyewe. Watumwa. Mnyororo. Kuuzwa. Nilijisikia nikiyasema. Nilitaka kuacha na sikuacha.

Mzee alisimama ameinama kwa sababu ya dari. Akasimulia kwa sauti ya chini. Bibi yake mzaa baba alikuwa na dada mkubwa, Kalunde. Walikwenda kuchota maji pamoja, wangali watoto. Watu wakatokea majanini. Bibi alikimbia. Dada hakuwahi. Msafara ukaenda upande wa pwani, basi. Mpaka anakufa yule bibi alikuwa akisema, "Mimi nilikuwa na miguu mirefu, nikamwacha." Katika ukoo wao kila kizazi mtoto mmoja wa kike huitwa Kalunde. Huyu binti aliyenipigia simu ndiye wa sasa.

Akaomba abaki peke yake. Tukatoka, mimi na binti, tukasimama ngazini bila kutazamana. Alipotoka magoti ya suti yalikuwa meupe kwa chokaa.

Akanishika mkono. "Mwanangu, Mungu akulipe."

Sijala.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi juu ya paa. Shangazi mwenyewe alipandisha birika, kwa heshima ya mzee. Mkate wa kumimina ulitoka vizuri. Nilijua kitakachotokea na sikuweza kukizuia. Wageni wote waliotangulia walikuwa wakimwambia Shangazi "asante" tu, basi. Huyu anacho Kiswahili.

"Bi mkubwa," akasema, "nakushukuruni kwa kukitunza chumba cha wale watu. Wengine wangekibomoa."

"Chumba gani, baba?"

Akamweleza. Yote. Watumwa, mnyororo, pete. Akamweleza kwa upole, kama anayemkumbusha mtu jambo la nyumbani kwake. Shangazi akanitazama mara moja tu. Akaweka birika chini polepole. Akasema, "Naam." Akateremka.

Hakunifedhehesha mbele ya wageni. Ingekuwa afadhali.

Nikampigia simu Makame. Ni mtu wa Tumbatu, rika langu, ndiye anayetembeza wageni wangu. Nikamwambia awapeleke shamba la viungo na asiwarudishe mapema. Kisha nikaenda chumbani kwa Shangazi. Alikuwa amekaa kitandani na kanga yake ya msibani.

"Baba yangu kafa ananuka papa," akasema. "Watu wakimkwepa sokoni kwa harufu. Mtu yule hakufunga hata kuku mguu. Chokaa ya chumba kile nlibeba mimi, kwa kichwa changu hiki, nikiwa mtoto. Leo wewe umemfanya mwizi wa watoto wa watu. Ndani ya nyumba yake."

Nikasema sikumtaja babu jina.

"Nyumba ya nani basi, Rukia?"

Sikufikiri hata siku moja kwamba aliyewafunga wale watu wa kuzua ni lazima awe mtu fulani. Wafungwa niliwawaza. Mfungaji sikumuwaza. Nimemsingizia babu yangu kwa wageni wa nchi zote, huku nikiwamiminia chai.

Jumamosi, baada ya alasiri

Afadhali ningesema asubuhi.

Wamerudi. Mzee ana mdalasini kwenye karatasi na furaha usoni. Furaha ile. Amewapigia ndugu zake wote Tabora. Amewaambia, "Nimempata." Wamelia kwenye simu, wazee wazima. Wanataka kukutana kaburini kwa yule bibi.

Akaniomba udongo kidogo wa chumba cha chini, akauweke kaburini. Ili yule mdogo apumzike, ajue dada yake alifika wapi.

Nikampa mfuko. Mimi mwenyewe. Nikamwinulia taa wakati anakwangua sakafu. Udongo wa ghala la papa. Alikuwa akiuchukua kwa vidole, punje kwa punje, kama mtu anayeokota mchele uliomwagika mbele ya mkwe.

Nina aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nilidhani mimi ni mtu mwema mwenye uongo mdogo. Kumbe sivyo.

Jumapili, 10 Agosti

Nimesema.

Nilingoja amalize chai. Binti alikuwa akipiga picha mapaa. Nikakaa chini, kwenye mkeka, maana kwenye kiti sikuweza.

"Mzee, kile chumba hakikufungiwa mtu. Ni uongo wangu. Babu yangu alikichimba kuwekea papa."

Hakuelewa. "Papa?"

"Papa. Samaki. Wakavu."

"Na ile pete?"

"Ya mizani."

Aliangalia mikono yake. Binti alikuwa ameshusha simu.

"Umetuchezea," Kalunde akasema. "Umemchezea baba yangu. Ulimtazama akipiga magoti."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nikasema wageni walipenda. Hilo ndilo jibu, sina jingine. Lilisikika dogo na chafu kama lilivyo.

Mzee akauliza kitu kimoja tu, bila hasira, na hicho ndicho ninachokisikia mpaka sasa: "Ndugu zangu nimeshawaambia amepatikana. Sasa nimpoteze tena?"

Kalunde akaenda kufunga mizigo. Wangetafuta pengine pa kulala mpaka boti ya kesho. Nikawafuata ngazini nikisema maneno ya kijinga. Nikawaambia kuhusu Mbweni, kusini ya mji, magofu ya misheni walipowekwa watumwa waliokombolewa, wakajengewa shule ya wasichana. Hiyo ni kweli, kila mtu anaijua, Makame anaweza kuwapeleka. Kalunde akageuka.

"Na huko nako umekutunga wewe?"

Nikateremka nyuma yao.

Mlangoni alisimama Shangazi, kavaa baibui lake zuri. Akamwambia mzee, "Baba, mimi ni mtoto wa mwenye nyumba. Utuwie radhi." Mzee akaivua kofia. Walisimama hivyo, wazee wawili, hakuna aliyejua la kufanya. Kisha akauchukua mkoba wake. Mfuko wa udongo ulikuwa ndani. Hakuutoa, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefuta picha zote za chumba cha chini mtandaoni. Nimeandika kwamba habari zile nilizibuni mimi na zisiaminiwe. Kufika mchana mgeni mmoja ameshaandika neno baya, na ni neno sahihi.

Makame kaja, kakasirika. Anasema watu hawavuki bahari kuja kula mkate, wanakuja kusikia kitu. Anasema kila ukuta mjini una hadithi, na nani anayezipima? Nikamwuliza jana alikuwa wapi wakati mzee ananiuliza lile swali. Akaondoka bila kuaga.

Wale watu wa Arusha waliokuwa waje Ijumaa wamevunja safari. Sijali. Hapana, najali. Lakini chini ya mambo mengine.

Shangazi hasemi na mimi. Anapika, anaosha, anaswali, anapita kama vile niko ukutani. Chakula ananiwekea. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba ananiwekea.

Jumanne, 12 Agosti

Nimeteremka chumba cha chini kufagia. Alama ya kukwangua ipo sakafuni. Na alama mbili za magoti.

Sikufagia.

Alhamisi, 14 Agosti

Kalunde kapiga simu. Nilipoona namba yake nilitaka kuiacha ilie. Nikapokea nimesimama.

Hakusalimia kwa urefu. Alisema wazi: "Mimi sijakusamehe. Baba ndiye aliyesema nikupigie."

Walikwenda Mbweni. Jumatatu asubuhi, kabla ya boti, na dereva waliyemtafuta wenyewe. Mzee alizunguka magofu yale taratibu, akagusa mawe. Akamwuliza mtunza bustani kama kuna makaburi, akaonyeshwa. Akasoma kila jina linalosomeka. Yule Kalunde wa kwanza hakumo. Hawakutegemea awemo.

Akarudi kwenye gari akawapigia simu ndugu zake mmoja mmoja. Akawaambia, "Nilikosea. Hatujampata." Kalunde anasema ilikuwa vigumu kumsikiliza. Mtu wa umri ule, akibeba kosa ambalo si lake. Hakuwaambia kwamba alidanganywa. Alisema alikosea.

Mfuko wa udongo aliuacha bandarini. Aliumwaga majini? Sikuuliza.

"Sasa," Kalunde akasema, "anataka jina la babu yako."

Nilidhani sikusikia vizuri. Babu yangu?

"Yule wa papa. Anasema alimlaani pale chini, siku ile ya kwanza, peke yake. Alimlaani kwa maneno mazito. Na mtu mwenyewe kumbe hakufanya kitu. Anataka amtaje kwa jina, amwombee, aondoe alichomtupia."

Nilikaa chini sakafuni. Nikamwambia angoje. Nikaenda jikoni na simu mkononi, nikamwambia Shangazi yote, haraka haraka, bila kupumua. Aliacha kukuna nazi. Akanyoosha mkono akaichukua simu mwenyewe.

"Khamis bin Haji," akasema. "Wa Makunduchi." Akarudia, akaitamka kila herufi, kh ile ya kooni, ili wasikosee huko Tabora. Kisha akasikiliza. Akasema "amin" mara nyingi. Nadhani mzee mwenyewe alikuwa ameichukua simu upande wa pili.

Akanirudishia ikiwa imekatika.

Sikujua kama nimtazame. Akaniambia, "Shika mbuzi, malizia nazi hii, mkono umeniuma."

Neno la kwanza tangu Jumamosi.

Jumapili, 17 Agosti

Vyumba vitatu vitupu. Katika cha nne yupo mwalimu kutoka Pemba, kaja kwa mambo ya macho ya mama yake, hataki kuonyeshwa chochote. Nimefua mapazia.

Mchana upepo wa kusi ulikuwa mwingi, tukakaa ndani. Shangazi aliniita nimpake mafuta miguuni. Ngozi ya visigino imepasuka. Nikapaka kimya kimya. Bado naona haya kumtazama usoni, natazama vidole.

Bila kuulizwa akaanza kunisimulia habari za baba yake. Jambo dogo tu, la siku moja, yeye na baba yake na mnunuzi mmoja mwenye ubishi. La kuchekesha. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi pia nikacheka, halafu nikaona sistahili, nikaacha. Akaniambia niendelee na mguu wa pili.

Jambo lenyewe siliandiki hata hapa, lisije likawa la wageni.