Jiwe la Bi Kaesong

Yesan, 9 Juni 2019

Kaka Chang-seop,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Na wifi, bado anakunyima vitu vya chumvi? Mwambie asilegeze kamba. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anabishana na redio kila asubuhi, na jana alinikemea kwamba sijui kukata vitunguu, mimi mwenye miaka sitini na moja. Kwa hiyo ujue ni mzima.

Uliuliza kwa nini Mama hataki kuyakubali maneno ya jiwe lake la kaburi. Umeyatunga vizuri, Kaka, sikusifii bure: Bi Kaesong, mke mwema, kando ya mumewe. Si ndivyo kijiji kizima kinavyomwita tangu aletwe hapa bibi harusi, kama kila mke anavyoitwa kwa jina la kwao? Lakini kila nilipomsomea aligeukia ukutani. Mwishowe akatoa sharti: apelekwe kwanza kuutazama mpaka wa Kaskazini, ndipo atoe jibu. Nikasema moyoni, uzee huo, nikakata tiketi.

Basi likajaa wazee wenye kofia na watalii wenye kamera. Mwongozaji wetu, Bibie Pyo, msichana mcheshi, alituonya tusipige picha ovyo wala tusikanyage nje ya njia. Darajani wanajeshi wakapanda, wakakagua vitambulisho kimoja kimoja. Mama alimwambia aliyekagua chake kwamba amekonda, akampa yai la kuchemsha. Akakataa, Mama akamtilia mfukoni. Nikatamani kujificha chini ya kiti.

Baada ya daraja, kila upande ni seng'enge na vibao vyekundu vya mabomu yaliyotegwa ardhini. Bibie Pyo akasema hapo zamani palikuwa mji wa Jangdan, wenye soko, shule na stesheni, vita vikaufuta. Watu wakapiga miayo. Mama alikuwa ameganda dirishani. Nikamuuliza kama ana kichefuchefu, akasema ninyamaze.

Tulipofika kwenye roshani ya kutazamia, nikaielekeza darubini Kaesong, ng'ambo, ambako majengo yalionekana waziwazi. Nikamwambia, Mama, kwenu kule. Akaishusha darubini chini kabisa, kwenye vichaka vya upande wetu wa mpaka. Nikaipandisha, akaishusha. Mara ya tatu akanichapa mkono mbele za watu. Bibie Pyo akaja kusaidia, akamwambia kwa upole kwamba Kaesong iko juu zaidi.

Mama akamjibu bila kuondoa jicho: "Najua iliko. Sijawahi kuishi huko hata siku moja."

Kaka, nilitaka kucheka, nikashindwa. Tuliketi kwenye benchi akanieleza yote. Amezaliwa Jangdan, nyuma ya stesheni, binti wa mkulima wa soya. Vita vilipomwacha peke yake, mshenga alimwambia kwamba nyumbani kwa bibi yetu, mama yake Baba, wanatafuta mke wa Kaesong, kwa sababu wanawake wa huko ni wapishi hodari, naye aseme tu Kaesong, si mbali. Akasema. Alidhani atasahihisha baada ya harusi. Lakini bibi akaonja kimchi yake, kabichi ya kuchachushwa, akaisifia kwa majirani, na ukweli ukakosa pa kupitia. Na ile kimchi ya kufungwa kwa majani ya kabichi tunayojivunia, Kaka, kaa chini usome: alifundishwa na mkimbizi mwenzake kambini, kwa wiki mbili.

Nikamuuliza, na Baba? Hakumwambia. Kila sikukuu ya mavuno Baba alikuwa akimtandikia mkeka uelekee Kaesong, awainamie wahenga wa kwao, naye akaona haya kumwambia mtu mwema namna ile kwamba anamwinamisha kwa wageni. Hapo akalia, nami nikalia naye. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo sababu ya barua hii: "Nimewadanganya walio hai miaka sitini na sita. Jiwe sitaki lidanganye."

Mchana tulikula tofu katika kijiji kilicho ndani ya eneo la ulinzi, ya soya ya Jangdan yenyewe. Mama alimaliza sahani mbili, akanisemesha njia nzima ya kurudi. Sijamwona na furaha hiyo tangu uoe.

Sasa nami nikiri langu, na usinigombeze. Mkubwa wa nyumba ni wewe, lakini asubuhi iliyofuata nilimpigia mchonga mawe, Bwana Tak, nikamwambia ni agizo lako: aandike Bi Jangdan. Akaguna. Silabi ya kwanza ya Kaesong alikuwa ameshaichonga, akiisugua patabaki kishimo. Akashauri tuanze jiwe jipya. Nilikuwa nimeshakubali Mama aliponipokonya simu, akamkataza. Kishimo kibaki, alisema, Baba akipapasa huko kaburini ajue kwamba hatimaye amemwambia ukweli.

Kwa hiyo njoo sikukuu ya mavuno, utandike mkeka mwenyewe. Mama atakuonyesha uelekee wapi. Msalimie wifi na watoto, na goti lisiguse baridi.

Ni mimi mdogo wako mkorofi,
Geum-ran