Kwa Ambakisye, Kuhusu Kisima na Mibuni ya Baba

Kambini, Omani
Jumapili mchana

Mdogo wangu Ambakisye,

Nakusalimu wewe, na shemeji yangu mama Tusekile, na Mama yetu hapo jikoni pake. Naomba barua hii iwakute mmeamka vizuri, ingawa najua ukungu wa Ibaba majira haya haumwachii mtu nguo ikauke. Miguu ya Mama inaendeleaje? Bado anazikataa soksi nilizotuma, au ameamua kuzivaa kwa siri? Mimi huku ni mzima. Mgongo unalalamika asubuhi, na macho sasa yanataka miwani hata ninapotafuta miwani, lakini nakula, nalala, na leo tumesali watu saba kwenye chumba cha televisheni, tukaimba sauti nne, ya tatu ikiwa na mtu mmoja tu, naye anaikosea.

Utajiuliza kwa nini naandika kwa kalamu wakati simu zipo. Naandika kwa sababu simu yako haipokelewi tangu mvua za kwanza. Kuna fundi umeme wa Vwawa anakuja likizo wiki hii. Nimemwomba aiache barua dukani kwa shangazi, Tunduma, naye shangazi ampe mtu wa gari la Isongole. Najua itapita mikono mingi, na njiani watu wataipima uzito wakidhani ina kitu ndani. Ina maneno tu. Isome peke yako kwanza, halafu ukiona vema umsomee Mama.

Nianze na lile tunalolijua sote wawili. Nilituma miche ya parachichi bila kukuuliza. Pikapu likaja mpaka uani, likashusha miche mia mbili, na wewe ukasimama mlangoni hujui hata inatoka wapi. Jioni nilipopiga simu nikakueleza, kama kawaida yangu, kwa nini mibuni iliyo mteremkoni juu ya nyumba ing'olewe ipishe miche hiyo. Nikakutajia wenzetu wa Mbozi walivyofanya. Nikakutajia na soko.

"Wewe unaliona shamba kwenye simu, Kaka," uliniambia. "Mimi naliona kwa miguu."

Hapo nikasema lile neno. Nilisema shamba ni la marehemu Baba, na mtoto mkubwa wa Baba ni mimi. Nilisikia kuku nyuma yako, nikasikia na Mama akiuliza ni nani huyo, halafu simu ikakatika. Nikajiambia ni mtandao. Jumapili iliyofuata nikapiga tena, na iliyofuata tena, na kila usipopokea nilikutumia ujumbe mrefu kuliko ule wa kwanza. Shemeji alinijibu mara moja tu: "Shemeji, amekwenda shambani." Ilikuwa saa tatu usiku.

Sasa nataka kukusimulia jambo lililotokea hapa kazini. Unajua siwezi kusimulia bila kueleza, kwa hiyo nivumilie. Chota chai.

Kisima cha mafuta si kama kile cha misheni ambacho ukichungulia unaona uso wako. Ni tundu jembamba, ukiweka sahani juu yake linafunikwa, lakini linashuka chini kuliko umbali wa kutoka nyumbani mpaka mtoni na kurudi. Ndani yake tunashusha bomba la chuma. Huko chini mafuta hayakai kama ziwa. Yamejificha ndani ya mwamba, tabaka kwa tabaka, kama maji yanavyokaa kwenye sifongo. Kisima ninachokuambia kina tabaka mbili zenye mafuta. Kwa miaka tumekuwa tukivuta kutoka ile ya chini. Mwaka huu imechoka, inatoa maji mengi kuliko mafuta. Kazi yetu ikawa kuiziba ile ya chini na kuifungulia ile ya juu.

Utafunguaje kitu kilichoko chini namna hiyo, mahali ambapo mkono haufiki wala spana haifiki? Hapo ndipo penye ufundi. Bomba lilipoteremshwa zamani liliwekewa, mkabala na tabaka ya juu, kipande maalumu tunachokiita slivu. Chukua kiberiti. Lile ganda la nje fikiria ni bomba, lenye matundu ubavuni. Kile kidroo cha njiti ndicho slivu, nacho ni kibomba cha chuma kinachobana kwa ndani na kuyaziba matundu. Ukikisukuma kidogo, matundu yanabaki wazi na mafuta yanaingia. Zamani tulikisukuma kwa kushusha chombo kwenye waya mrefu. Siku hizi kuna slivu zinazosukumwa kwa presha. Unaziba bomba chini yake, unalijaza maji, halafu unasukuma kwa pampu ukiwa umesimama juu mchangani. Presha inafika yenyewe mpaka kule.

Slivu za presha nilizozizoea miaka yote zimefungwa kwa vipini vidogo vya shaba, kama misumari. Unapandisha presha, unapandisha, mpaka vipini vinakatika, kidroo kinateleza, na sindano ya geji inayopima presha huku juu inaanguka ghafla. Ukiiona imeanguka unajua dirisha limefunguka. Nimefungua nyingi sana kwa njia hiyo, na vijana wengi nimewafundisha mimi.

Siku ya kazi hiyo nilikuwa na Salim, Mwomani ambaye bibi yake alizaliwa Unguja, kwa hiyo anasema Kiswahili kitamu kuliko changu na hanifichi hilo. Ananiita Mwalimu kwa sababu ya maelezo yangu. Nikaagiza pampu ipandishe. Sindano ikafika pale ninapopajua, haikuanguka. Nikasema labda vipini ni vigumu, ongeza. Tukaongeza. Haikuanguka. Nikasema ongeza tena.

"Mwalimu," Salim akasema, "wataka kulipasua bomba la watu?"

"Bado kuna nafasi."

"Nafasi ya nini? Ya kufukuzwa kazi? Hebu nionyeshe karatasi yake."

Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeisoma ukurasa wa kwanza tu, nikaona jina la slivu, nikaikunja, kwa kuwa slivu nazijua. Salim akaikunjua juu ya boneti ya gari, akageuza upande wa pili, akasoma kimya, halafu akacheka mpaka akashika tumbo.

"Nyie watu wa bara," akasema. "Hii haifunguki ukiisukuma, Mzee wangu. Yafunguka ukiiachia."

Nikavaa miwani nikasoma mwenyewe, na ndivyo ilivyokuwa. Aina hii mpya ina springi kali ndani. Presha inapopanda, inakibana kidroo upande mmoja na kukata vipini, lakini matundu yanabaki yamezibwa. Wametengeneza hivyo kwa makusudi, ili uweze kwanza kulijaribu bomba zima kwa presha kubwa bila dirisha kufunguka kabla ya wakati. Ukiwa tayari, unaishusha presha polepole mpaka sifuri. Hapo ndipo springi inapopata nafasi ya kukisukuma kidroo, na matundu yakafunguka. Kwa hiyo kila nilipokuwa naongeza, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa naifunga. Ningeongeza mara nyingine moja, bomba lingepasuka na kisima kingekuwa hasara.

Tukaishusha. Sindano ikalala kwenye sifuri, ikakaa. Ikapita dakika moja, tano, kumi. Ambakisye, mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye swichi ya pampu. Salim akaweka kiganja chake juu ya swichi, bila kuniangalia.

"Tulia, Mwalimu. Karatasi yasema usiguse kitu."

Tukakaa chini kwenye kivuli cha gari. Akanimiminia kahawa yao, ile nyepesi yenye iliki, inayonywewa kwenye kikombe kidogo kama cha mtoto. Akaniuliza kahawa ya kwetu ikoje. Nikaanza kumweleza, na katikati ya maelezo nikakwama, kwa sababu nilikumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu.

Unakumbuka mwaka ule Baba alipokwenda Mbozi Misheni kumuuguza babu? Mimi nilikuwa nimefunga shule, nina kitabu cha kilimo kifuani, na wewe ulikuwa hujafikisha miaka kumi. Baba alituachia kahawa iliyokwisha menywa, imelowekwa kwenye lile tangi la saruji ili utelezi wake uoze utoke. Alituonyesha kijiti chake. Chomeka kijiti katikati ya kahawa, akasema, kisha kichomoe. Tundu likibaki wazi, kahawa iko tayari, ioshe. Tundu likijifunika, bado inateleza, iacheni. Asubuhi yake mimi nilihesabu saa kwa kitabu changu nikasema muda umetosha. Kitabu kiliandikwa na mtu wa mahali pa joto. Hakijui baridi ya Ibaba.

Wewe ulichomeka kijiti. Nakuona hata sasa, umeinama ukingoni mwa tangi na lile koti la Baba linaloburuza chini.

"Kaka, tundu limeziba."

"Wewe unajua nini? Hebu toka hapo."

Tukaiosha. Ilipokauka kwenye kichanja ilinuka, na harufu ile ilishika mpaka kwenye magunia. Baba aliporudi akanusa kiganja kimoja, akauliza nani aliyesema ioshwe. Nilikuwa nasubiri unitaje. Ukasema, "Tuliiosha, Baba." Ukasema sisi. Tukachapwa wote wawili, na wewe uliyekuwa umeona tundu likiziba ukalia kunizidi mimi. Sijawahi kukuomba radhi kwa siku ile. Nakuomba leo.

Nilikuwa bado nafikiri hayo, kikombe mkononi, Salim aliponigusa bega. Alinionyesha geji kwa kidevu. Sindano ilikuwa imeondoka kwenye sifuri. Hakuna aliyewasha pampu. Ilikuwa inapanda yenyewe, polepole, kama mtu anayenyanyuka kitandani baada ya ugonjwa. Maana yake mafuta ya tabaka ya juu yalikuwa yameanza kuingia bombani.

Naota mara nyingi niko kwenye ile mistari sita ya mibuni juu ya nyumba. Hapa hakuna jani. Upepo unaleta mchanga mpaka kwenye meno. Kwa hiyo nikifumba macho naisikia mibuni ikichanua, ile harufu inayoshuka mpaka uani asubuhi ukungu ukiwa bado umekaa, na Mama anafagia akituambia tusipite hapo. Baba alipanda mistari ile mwaka uliozaliwa wewe. Alikuwa akituambia kila tulipopalilia, na mimi nilikuwa nachoka kusikia. Nashangaa niliwezaje kuisahau mtu alipopanga kuing'oa, na mtu mwenyewe ni mimi.

Sasa nasema, na Mama awe shahidi. Mibuni ibaki au ing'olewe, shauri hilo ni lako. Nilisema mkubwa ni mimi. Ni kweli nilitangulia kuzaliwa, lakini katika shamba lile mwenye kijiti ni wewe. Miche ukitaka ipande pale bondeni, ukitaka wagawie majirani, na kama imekwisha kukauka kwenye mifuko yake usiogope kuniambia, nastahili. Nimemwandikia pia mwenyekiti wa kijiji, nikamweleza kwamba panapoandikwa mwenye shamba liandikwe jina lako pamoja na la Mama. Karatasi yangu ya kukubali ipo ndani ya bahasha hii, nimeitia sahihi, na Salim ametia yake kama shahidi. Ameandika jina lake kwa maringo sana.

Mkataba wangu unakwisha mwakani. Sitauongeza. Nitakachoomba ni chumba kile cha nyuma chenye dirisha linalotazama kichanja, na kazi ya kugeuza kahawa isinyeshewe. Ukiona ni mapema kunijibu hilo, usinijibu.

Msalimie Mama, mwambie soksi ni za kuvaa. Msalimie shemeji yangu, na umwambie uongo wake wa saa tatu usiku nimeusamehe. Msalimie mwanangu Tusekile, nasikia anajua kusoma geji ya pikipiki kuliko fundi. Salamu kwa mjomba wa Ikinga, kwa mzee wa kanisa aliyetufundisha sauti ya tatu, kwa shangazi wa Tunduma aliyeipokea barua hii, na kwa binamu zetu wa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, wakija kwa ajili ya mahindi.

Jambo la mwisho. Kuanzia Jumapili hii sitakupigia simu. Usidhani nimekasirika. Baada ya ibada nitaiweka simu juu ya meza, imewashwa, sauti juu, na mikono yangu nitaiweka magotini.

Kaka yako aliyeambiwa tundu limeziba asisikie,

Lusekelo