Hela ya Tabora

Sapiwi, Bariadi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kuna sauti haijanitoka masikioni tangu nifike huku: ti, ti, ti, kitu kigumu kikigonga kibuyu, kila asubuhi kabla sijafungua mlango. Habari yote ya barua hii imo ndani ya sauti hiyo. Lakini kwanza, mguu wako unaendeleaje? Bado unapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono? Mimi ni mzima wa mwili.

Najua kabla ya kufungua bahasha umeitikisa, usikie kama kuna kitu kinacheza ndani. Nakuomba usome hadi mwisho.

Nyumba niliyopewa ina vyumba viwili, natumia kimoja. Watu ni wema, ila wakikaa pamoja wanataniana kwa Kisukuma, na mimi hucheka wenzangu wakiwa wamekwisha kunyamaza. Msimu huu wanunuzi binafsi wa pamba wamekuja na mizani zao, malori yanapita kutwa, kila mtu ana pa kwenda. Nikitoka darasani natembea nikitazama chini, kama ulivyonizoeza. Senti hazinunui tena kitu, watoto wanazichezea, kwa hiyo zimelala tu mavumbini. Nimeokota senti tano ya samaki, na senti hamsini ya sungura isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Siku ya sungura nilifurahi mpaka nikasimama njiani, halafu nikakosa wa kumwonyesha.

Aliyekuwa akitikisa kibuyu ni jirani yangu, Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa lugha yao. Ni mjane, anaishi peke yake na ng'ombe wawili, na kila alfajiri husukasuka maziwa apate siagi. Nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa uso. Siku aliyoniita ndani ndipo nilipoona kinachogonga: sarafu iliyotobolewa, imefungwa kwa uzi shingoni mwa kibuyu. Taji upande mmoja, ishirini upande wa pili. Ile hela ya Tabora, waliyoitengeneza Wajerumani kwenye karakana ya reli wakati wa vita, uliyoitafuta miaka yote ya kazi yako ya reli. Baba mkwe wake alilipwa hiyo kwa upagazi, akarudi nayo Sapiwi kwa miguu.

Nilisema maneno mengi mno. Nilisema baba yangu ameiwekea nafasi kwenye kopo lake la sarafu na nafasi hiyo haijapata mwenyewe. Mayu alichukua kisu, akakata uzi, akaniwekea sarafu kiganjani. Katika nyumba ile, mgeni akisifu kitu lazima aondoke nacho. Sikuujua utaratibu huo nilipokuwa nasifu. Nilipoambiwa, Baba, niliujua, na bado sikuirudisha. Nilikuandikia siku ileile kwamba nitakutumia.

Jibu lako nimelisoma hadi karatasi imelegea mikunjoni. Kwamba umetandika kitambaa chekundu kwenye kopo. Kwamba umewaita wastaafu wenzako waje kuiona.

Tangu hapo kibuyu kilitikiswa bila kugonga. Maziwa hayana sauti ya kuvuka ua. Nilijiambia kwamba nitazoea, na kweli nilizoea. Ndiyo sababu Jumatatu moja nilipita nyumba ile kwenda shule, nikapita tena kurudi, na Jumanne vilevile. Jumanne jioni ndama alilia mno. Nikaingia, nikamkuta Mayu sakafuni kando ya kitanda, homa imemkausha midomo, hata jina langu hakulikumbuka. Lori la pamba lilitupeleka hospitali, nimempakata juu ya marobota.

Mzee Masunga, jirani wa upande wa pili, alikuja nasi. Njiani alijilaumu yeye. Alisema, "Mwalimu, sisi kibuyu kile ndicho kilikuwa kinatusalimia. Kikinyamaza, tulikuwa tunakuja mbio. Siku hizi kikawa kimya kila siku, na sisi tukalala." Hakujua sarafu iko wapi. Ilikuwa mfukoni mwangu, ndani ya bahasha yenye jina lako.

Mayu amepona. Amerudi nyumbani, amekonda, anatembea kwa kushika ukuta.

Nisalimie Mama, na umwambie kanga aliyonipa ndiyo ninayojifunika. Msalimie dada yangu mshonaji, na shangazi anayeuza vitumbua stesheni. Wastaafu wenzako sijui uwaambie nini.

Nilimpelekea sarafu Jumamosi. Alikataa. "Zawadi hairudi, mwalimu," alisema, akageuza uso. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye. Kisha nikamwambia ile yake ilikwisha kuwa yako tangu siku aliyonipa, na sasa mwenyewe, fundi wa reli wa Morogoro, anampa yeye. Akaniuliza jina lako. Nikamtajia. Akapokea kwa mikono miwili, nami nikaifunga shingoni mwa kibuyu kwa uzi wa pamba niliousokota mwenyewe.

Kabla ya hapo niliilaza chini ya karatasi nikapitisha penseli juu yake. Karatasi hiyo ndiyo iliyomo humu. Taji limetoka vizuri, na tundu pia.

Nimeitoa kwa jina lako, Baba, bila kukuuliza. Leo asubuhi imenigongea.

Binti yako,
Perpetua