Lebo Niliyoifuta

Ijumaa, 10 Septemba 1999. Mwanza kuna mawingu tangu asubuhi, na ziwa lina rangi ya bati kuukuu. Leo nitasema yote, hata yanayoniaibisha, kwa sababu nikipunguza chochote nitakuwa nimedanganya mara ya pili.

Namwonea wivu Kabula.

Wewe unayesoma kutoka mbali, shajara hii tunaiandika wasichana kumi na mmoja wa darasa moja, kwenye kompyuta pekee ya shule. Programu yetu haina picha wala vitufe vya rangi. Ni kioo cheusi; unaandika amri, unasubiri. Maneno yetu tunayaweka ndani ya lebo za XML. Ukitaka kueleza hali ya hewa unafungua <hewa>, unaeleza, kisha unafunga </hewa>. Unaweza hata kujitungia lebo zako. Jambo moja tu programu haikubali: lebo iliyoachwa wazi. Ikikuta hata moja, inakataa ukurasa mzima, wa wote kumi na mmoja.

Lebo zangu ni nadhifu. Sista Leokadia, anayetufundisha, hunisifu kwa hilo. Lakini hakuna msomaji anayeniandikia. Kabula alitunga lebo ya <dagaa>, akasimulia shangazi yake alivyokimbizana na mvua pale sokoni Mwaloni, dagaa wakiwa bado wameanikwa, na barua zikaja kutoka nchi ambazo mimi nazijua kwenye ramani tu. Alizisoma kwa sauti bwenini, kisha akanigeukia.

"Na wewe nawe, dada mtihani! Hata mawingu unayaandika kama unasubiri kusahihishiwa."

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Kila Ijumaa mmoja wetu hukagua lebo za wenzake, na Jumamosi tunatuma mtandaoni. Wiki iliyopita zamu ilikuwa yangu. Kabula alikuwa amemwandikia kaka yake anayesoma Uholanzi, ambaye hufungua ukurasa wetu kila wiki. Mama yao amejifungua mtoto wa kike, na babu yao kule Sengerema ameagiza kwamba jina alitoe huyo kaka. Yalikuwa maandishi mazuri. Niliona barua zitakazokuja.

Nikafuta lebo moja ya kufunga. Nikaandika kwamba nimekagua.

Jumamosi programu ikakataa. Mtandao tunaupata kwa waya wa simu ya ofisi, na ofisi hutupa saa moja tu. Sista alitafuta kosa mstari kwa mstari. Mimi niliujua mstari wenyewe, nikatazama vidole vyangu. Alipolipata, saa yetu ilikuwa imekwisha, kompyuta ikazimwa kabla ya kusahihisha.

"Kabula, mwanangu, hili ni lako. Limempita hata mkaguzi wetu!"

"Ni mimi tu, Sista, nasahauga. Nisamehe." Kisha akaninong'oneza, "Pole, nimekuharibia zamu yako."

Aliniomba radhi mimi.

Jumatano mjomba wake alikuja kutoka Kirumba kuuliza kama jina limepatikana. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kututazama. Kabula akamwambia bado. "Basi huyo ameshakuwa Mzungu," mjomba akasema. "Mtoto ana siku kumi tunamwita mgeni, yeye amenyamaza!" Kabula hakumwambia kwamba habari haikutumwa. Aliona aibu kwa kosa ambalo si lake. Tangu siku hiyo hajanitania, wala hajamtania mtu yeyote, na bweni limekuwa kimya. Nilidhani ningeufurahia ukimya huo.

Siufurahii. Bado nina wivu, hilo nalo niliseme. Nikisoma habari yake ya mtoto, natamani ingekuwa yangu. Ila ile lebo nimeirudisha asubuhi hii, na habari yake itakwenda kesho.

Kabula, zamu ya kukagua wiki hii ni yako. Kwa hiyo wewe ndiye msomaji wangu wa kwanza, na ukitaka kuyafuta haya yote, amri yake unaijua. Kwa Sista nitakwenda mwenyewe kabla ya chakula cha jioni, na mjomba wako akija tena nitamweleza. Hayo nimekwisha kuyaamua, sikuombi ruhusa. Ninakuuliza jambo moja, na naomba unijibu leo hii, hata kwa mstari mmoja chini ya maandishi haya: habari yangu hii utaituma?