Pembetatu Niliyoiweka Karibu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Bariadi

Jina: Eufrasia Masalu. Umri: miaka 34. Kabila: Msukuma. Dini: Mkristo. Kazi: afisa ugani, Kata ya Nkoma. Makazi: Bariadi mjini.

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nimekuja kituoni kwa hiari yangu leo Jumatatu, tarehe 17 Machi 2025, saa 3:15 asubuhi.

Mnamo tarehe 14 Machi 2025, saa 10:20 jioni, nilikuwa natoka Maswa kurudi Bariadi kwenye gari dogo la Methodius Rwegoshora, daktari wa mifugo ninayefanya naye kazi. Mvua ilikuwa inanyesha. Tulipovuka kilele cha kilima, kama kilometa tisa kabla ya kufika Bariadi, tairi la nyuma kulia likapasuka. Methodius akaingiza gari pembezoni, magurudumu yote nje ya mstari mweupe, akawasha taa za tahadhari.

Akanipa pembetatu ya tahadhari. Akasema, "Dada Eufrasia, rudi nyuma mpaka uvuke kilele. Hatua hamsini. Ukiiweka huku chini, anayepanda upande wa pili haioni."

Nilitembea hatua kumi na mbili. Mvua ilizidi na viatu vilikuwa vinateleza. Nikaiweka hapo hapo, upande huu wa kilima, nikarudi kusimama ng'ambo ya mtaro.

Akauliza, "Umevuka?"

Nikajibu, "Nimevuka."

Akachuchumaa kufungua nati, mgongo ukielekea barabarani.

Baada ya kama dakika tano lori la ng'ombe likatokea kileleni. Halikuwa na mwendo mkali. Dereva alifunga breki. Mbele yake kulikuwa na basi linalokuja, hakuwa na pa kukwepea. Lori likateleza, likaikanyaga pembetatu na kuiburuza, likambana Methodius kwenye gari lake. Nilimwita. Ng'ombe walikuwa wanalia, sikusikia kama aliitika.

Dereva wa lori, mzee ambaye baadaye nilijua anaitwa Shigela Luhaga, alishuka. Akaniuliza, "Ng'wanawane, mwanangu, pembetatu mliiweka wapi?" Askari wa usalama barabarani alipofika, nikamwambia ilikuwa ng'ambo ya kilele. Haikuwa kweli. Mzee Shigela akachukuliwa, na mpaka sasa yuko mahabusu.

Jumamosi madaktari walimkata Methodius mguu wa kulia, juu ya goti. Jana saa 8 mchana nilimweleza ukweli. Akasema, "Tuseme niliiweka mimi. Mguu haurudi, na wewe una watoto."

Nikamuuliza, "Na yule mzee?"

Akafumba macho. Baadaye akasema, "Basi nenda asubuhi, kabla hawajampeleka mahakamani."

Hayo ndiyo niliyoyaona, na niliyoyafanya mimi mwenyewe.

Sahihi ya shahidi: E. Masalu

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Winnie Kasmiri, kwa maneno ya shahidi. Nimemsomea, amekubali kuwa ni sahihi. Nilimweleza kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Aliomba kalamu, akasaini saa 4:05 asubuhi.