Robo ya Kiuno cha Anjela

Jumamosi, mchana. Ukungu umeficha milima yote ya Uluguru, lakini hapa mjini jua linawaka.

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa wasomaji. Nanyi ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Hamjambo huko mliko? Wagonjwa wanaendeleaje? Sisi wazima, ila mgongo wangu unalalamika, maana tangu jana nimeinamia cherehani.

Kesho Anjela, kitinda mimba wangu, anapokea Komunyo ya kwanza. Gauni liwe jeupe na lipite magoti. Katekista amelisema hilo mpaka watoto wanamwigiza sauti. Nilibahatika kupata pazia jeupe la shashi kwenye mitumba. Mimi niliyekua enzi za kupangia foleni kitambaa cha sare, bado nashangaa nikiona marobota yanafunguliwa pale sokoni kama mchezo. Pazia la namna hiyo lilikuwa moja tu.

Anjela aliomba gauni lenye sketi ya solo, ile ya duara, ambayo mtoto akijizungusha inafunguka yote.

Sijawahi kukata solo. Nikajiambia, kwani ugumu uko wapi? Sketi zangu za siku zote, zile nyoofu, nakunja kitambaa mara nne, napima robo ya kiuno, nakata. Kiuno cha Anjela ni inchi ishirini na nne, robo yake sita. Nikakunja pazia, nikapima sita kutoka kwenye kona, nikazungusha chaki, nikakata.

Nikakunjua.

Tundu lile hata baba yake angepita.

Nikalipima: karibu thelathini na nane! Nikapima tena, nikidhani futi yangu ya kupimia imevutika. Nikakaa sakafuni. Kitambaa kingine sina. Mawazoni nikamwona mwanangu kwenye mstari wa watoto waliovaa nyeupe, yeye peke yake na sare ya shule. Nilisali, ila nikiri, sala yenyewe nusu ilikuwa lawama.

Ndipo akaingia Mama Hamisi, jirani yangu. Ni Mnyamwezi, kwa hiyo mimi Mluguru ni mtani wake, na mtani hana huruma.

"Mtani, hilo gauni la Anjela au la tangi la maji?"

Nikamwambia aache, nimeharibu. Nimepima sita kutoka kwenye kona, na sita mara nne ni ishirini na nne, hizi nyingine zimetoka wapi? Akacheka mpaka akashika mlango.

"Nyie Waluguru nyie! Kijiji mnakiona hapo ng'ambo ya bonde, mnaitana kabisa, lakini kukifikia mnazunguka mlima asubuhi nzima. Leo kwenye pazia umejifanya ndege?"

Alikuwa ananitania tu. Lakini ndege huyo akanifanya nilitazame lile tundu upya.

Nikalaza futi kwenye ukingo uliopinda, taratibu. Zaidi ya inchi tisa kwa kila robo! Sita yangu nilikuwa nimeipima kwa njia ya ndege, moja kwa moja kutoka kwenye kona, wakati kiuno cha mtoto kinapita njia ya kuzunguka. Kutoka kwenye kona ilitakiwa pungufu kidogo ya nne. Wakati wa darasa la saba mwalimu alichora maduara ubao mzima, nami nikadhani ni mambo ya kuishia ubaoni. Kumbe nimeishi ndani yake tangu utoto, nikizunguka mlima kwenda kwa shangazi ambaye nilikuwa namwona ng'ambo akianika mahindi.

Nikainuka sakafuni. Kilichozidi nikakivuta kwa uzi kikawa marinda, mpaka kikarudi ishirini na nne. Urefu uliopotea kwa juu nikaurudisha huko huko juu, kwa mkanda mpana wa kipande kilichobaki. Mama Hamisi alishika upande wa pili wa kitambaa, akinitukana kwa upendo muda wote.

Sasa hivi Anjela amelijaribu. Limepita magoti. Akajizungusha uani, sketi ikafunguka duara zima, yeye katikati anacheka. Mama Hamisi akageuza uso, akasema vumbi limemwingia machoni.

Asante, Mungu wangu, kwa mlima, kwa hesabu na kwa watani.

Limebaki moja, naomba mnishauri. Anjela anadhani shashi hiyo ni ya dukani. Nimwambie kwamba ni pazia, au ninyamaze? Nijibuni upesi, misa ni kesho asubuhi.